Mashindano ya Kuandika Programu: Yanachowapa na Yasichowapa Vijana wa Tanga Wanaotafuta Ajira za TEHAMA

Kila mara Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma inapotangaza nafasi za Afisa TEHAMA, vijana wa fani hiyo katika Jiji la Tanga na wilaya za jirani za Muheza, Mkinga na Pangani hupitia upya wasifu wao na kujiuliza waongeze nini. Miongoni mwa mambo wanayoshauriwa, mara nyingi na wenzao waliotangulia vyuoni, ni kushiriki mashindano ya kuandika programu za kompyuta. Wapo wanaoamini kuwa medali ya mashindano hayo ni tiketi ya kuajiriwa na kampuni kubwa za teknolojia. Wapo pia wanaoyaona kuwa ni mchezo wa kupoteza muda.

Suala hili lina gharama kwa anayelikosea. Mazoezi ya mashindano huchukua miezi, na kwa wengine miaka. Kwa kijana asiye na kompyuta yake mwenyewe, anayenunua kifurushi cha intaneti kwa fedha ya vibarua na kusafiri takriban kilomita 350 kwenda Dar es Salaam anapoitwa kwenye usaili, kukosea namna ya kujiandaa kunaweza kumgharimu mwaka mzima.

Jibu kwa ufupi ni kwamba mashindano yanasaidia, lakini msaada wake una mipaka. Yanamwandaa mshiriki kuvuka usaili wa aina moja, kwa waajiri wa aina moja. Nje ya hapo, kinachomwezesha kijana kuajiriwa na kudumu kazini ni mambo mengine ambayo mashindano hayayapimi.

Mashindano yenyewe ni yapi

Mashindano ya kuandika programu ni mtihani wa kutatua matatizo ya kihesabu na kimantiki kwa kutumia lugha ya kompyuta. Mshiriki hupewa tatizo lililoelezwa kikamilifu, huandika msimbo wa kulitatua, kisha mfumo huupima msimbo huo papo hapo kwa data ambazo mshiriki hazioni. Msimbo ukitoa jibu lisilo sahihi, au ukizidisha muda uliowekwa ambao aghalabu ni sekunde chache tu, jibu hukataliwa.

Kwa wanafunzi wa vyuo vikuu, mashindano makongwe yenye hadhi kubwa ni yale yanayojulikana duniani kwa kifupi cha ICPC. Chimbuko lake ni shindano lililofanyika mwaka 1970 katika Chuo Kikuu cha Texas A&M nchini Marekani, na fainali yake ya kwanza ilifanyika mwaka 1977. Kila timu huwa na wanafunzi watatu wanaotumia kompyuta moja kwa saa tano. Timu inayotatua matatizo mengi zaidi ndiyo hushinda; zikilingana, muda huamua, na kila jibu lililokataliwa kabla ya tatizo husika kutatuliwa huongeza adhabu ya dakika 20.

Kwa wanafunzi wa sekondari ipo Olimpiadi ya Kimataifa ya Kompyuta, IOI, iliyoanza mwaka 1989 nchini Bulgaria. Humo kila mwanafunzi hushindana peke yake kwa siku mbili, saa tano kila siku. Mwaka 2024 mashindano yote mawili yalifanyika barani Afrika, nchini Misri: fainali za 46 na 47 za ICPC zilifanyika kwa pamoja Luxor mwezi Aprili, na Olimpiadi ikafanyika Alexandria mwezi Septemba.

Si lazima mtu asafiri ili aonje mashindano ya aina hii. Jukwaa la Codeforces, lililoanzishwa mwaka 2010, huendesha mashindano mtandaoni bila ada. Kwa kuwa Moscow na Afrika Mashariki zina saa sawa, mengi ya mashindano hayo huanza saa 11:35 jioni kwa saa za Tanzania na huchukua takriban saa mbili. Maswali yake huandikwa kwa Kiingereza na Kirusi, hivyo uwezo wa kusoma maelezo ya Kiingereza kwa makini ni sehemu ya maandalizi.

Mashindano haya yatofautishwe na yale ya ubunifu, kama Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, MAKISATU, yaliyoanzishwa na Serikali mwaka 2019, ambayo hupima kitu kilichobuniwa na manufaa yake kwa jamii. Wakazi wa Tanga walipata nafasi ya kuona bunifu za namna hiyo kwa karibu mwezi Mei 2024, jiji lao lilipokuwa mwenyeji wa Wiki ya Kitaifa ya Elimu, Ujuzi na Ubunifu. Kijana anaweza kufanya vizuri katika aina moja ya mashindano na asifue dafu katika nyingine, kwa sababu stadi zinazotakiwa ni tofauti.

Mahali yanaposaidia

Faida ya kwanza huonekana kwenye usaili wa kampuni kubwa za programu. Kampuni kama Google, Microsoft na Meta humpa mwombaji tatizo, kwa kawaida kwa muda usiofika saa moja, na kumtaka aandike msimbo huku akieleza anavyofikiri. Matatizo hayo ni ndugu wa yale ya mashindanoni: kutafuta njia fupi kati ya vituo, kupanga orodha ndefu, au kupunguza idadi ya hatua za kukokotoa. Aliyezoea kutatua maswali mawili jioni moja huku saa ikienda hababaiki anapoketi mbele ya msaili.

Mfano mmoja unaonyesha stadi inayopimwa. Chukua orodha ya stakabadhi 100,000 za mizigo ya bandarini, ambamo inatakiwa kubaini zile zilizoingizwa mara mbili. Anayelinganisha kila stakabadhi na nyingine zote atafanya ulinganisho unaokaribia bilioni tano. Anayeanza kwa kuipanga orodha kwa namba, kisha akakagua zile zinazofuatana tu, atamaliza kwa hatua zinazokaribia milioni mbili. Majibu yao ni yale yale, ila wa kwanza atawasubirisha watu kwa muda mrefu na wa pili atamaliza mara moja. Mashindano humfundisha kijana kuiona tofauti hiyo kabla hajaandika mstari wa kwanza.

Faida ya pili ni kutambulika. Kampuni kadhaa zimewahi kuendesha mashindano yao wenyewe na kuyatumia kuwatambua wenye vipaji. Google iliendesha Code Jam kuanzia mwaka 2003 hadi ilipoyafunga mwaka 2023, na Facebook ilianzisha Hacker Cup mwaka 2011. Kwa mhitimu wa chuo kisichofahamika nje ya nchi, alama zinazoonekana hadharani zinaweza kumfanya mwajiri wa mbali asome wasifu ambao vinginevyo angeupita.

Milango hiyo pia haiko Marekani pekee. Microsoft ilifungua kituo chake cha kuendeleza programu jijini Nairobi mwaka 2019, na Google ikatangaza mwaka 2022 kuanzisha kituo chake cha kutengeneza bidhaa katika jiji hilo hilo. Kwa mkazi wa Tanga, Nairobi ni safari ya siku moja kwa basi.

Utumishi wa umma unatazama nini

Kwa upande wa Serikali, utaratibu ni tofauti na kila mwombaji anapaswa kuufahamu. Maombi hupokelewa kupitia mfumo wa Ajira Portal, na kila tangazo hutaja sifa za nafasi husika. Kwa nafasi ya Afisa TEHAMA Daraja la II, sifa ya msingi kwa kawaida ni shahada ya Sayansi ya Kompyuta, Teknolojia ya Habari, Uhandisi wa Kompyuta au fani inayolingana na hizo kutoka chuo kinachotambuliwa na Serikali. Medali ya mashindano haiwekwi miongoni mwa sifa hizo, wala haiwezi kuziba pengo la cheti kilichotakiwa.

Baada ya hapo hufuata usaili, ambao kutegemeana na kada unaweza kuwa wa mchujo kwa maandishi, wa vitendo na wa mahojiano. Hapa ndipo mazoezi ya mashindano yanapoweza kumfaa mwombaji kwa njia isiyo ya moja kwa moja: aliyezoea kuandika msimbo sahihi kwa muda mfupi ana nafasi nzuri zaidi katika usaili wa vitendo. Hata hivyo, maswali ya usaili hugusa pia kanzidata, usalama wa mifumo, mitandao na taratibu za utumishi wa umma. Mtu aliyetumia miaka mitatu kufanya mazoezi ya mafumbo peke yake anaweza kuangushwa na swali kuhusu namna ya kuhifadhi nakala za kumbukumbu.

Aidha, kazi inayomsubiri ni ya kujenga na kutunza mifumo inayotumiwa na mamilioni ya watu. Mfumo wa malipo ya Serikali wa GePG, ulioanza mwaka 2017, na mfumo wa ununuzi wa umma wa NeST, ulioanza mwaka 2023, ilijengwa na wataalamu wa ndani. Mifumo ya namna hiyo haipimwi kwa saa tano. Hutakiwa kufanya kazi usiku na mchana, kupokea marekebisho sheria zinapobadilika, na kueleweka kwa mtaalamu mpya pale aliyeijenga anapohamishiwa kituo kingine.

Fundisho kutoka Google

Mwaka 2015, Peter Norvig, aliyekuwa Mkurugenzi wa Utafiti wa Google, alieleza katika mhadhara kwamba uchambuzi wa kumbukumbu za wafanyakazi wa kampuni hiyo ulionyesha jambo lisilotarajiwa: waliowahi kushinda mashindano ya programu walielekea kuwa na ufanisi mdogo kazini kuliko wenzao. Maelezo aliyoyatoa ni kwamba washindi wamezoea kwenda mbio, ilhali kazi inadai utulivu na kukagua tena na tena. Habari hiyo ilienea haraka, na wengi wakaichukua kuwa hukumu dhidi ya mashindano.

Yapo mambo mawili ambayo wengi waliyaacha. La kwanza ni kwamba waliochunguzwa ni wale tu waliokwisha kuajiriwa. Mfano wa soko la samaki la Deep Sea jijini Tanga unasaidia kulielewa hili. Tuseme mchuuzi humchukua samaki aliye mkubwa, hata kama si wa asubuhi hiyo, au aliyetoka majini asubuhi hiyo, hata kama ni mdogo. Anayechungulia kapu la mchuuzi huyo ataona kwamba wadogo wote ni wa asubuhi, huku baadhi ya wakubwa wakiwa wa jana, na anaweza kudhani kuwa ukubwa huharibu samaki. Tatizo hapo ni namna samaki walivyochaguliwa. Vivyo hivyo, kampuni inapowachukua wengine kwa wepesi wao wa kutatua mafumbo na wengine kwa uzoefu wao wa kazi, kundi la kwanza linaweza kuonekana dhaifu ndani ya kampuni, ingawa nje ya kampuni kushiriki mashindano hakumdhoofishi mtu.

Jambo la pili ni kwamba Norvig mwenyewe baadaye alisahihisha kauli yake. Alieleza kuwa matokeo yale yalitokana na data chache za mwanzo, na kwamba data zilipoongezeka uhusiano ule ulitoweka. Kwa hiyo kauli ile ya mwaka 2015 haifai kutumiwa kuwakatisha tamaa washiriki, na masahihisho yake hayafai kutumiwa kudai kuwa medali ni dhamana ya utendaji bora.

Kazi ambayo alama hazioni

Tofauti kati ya mashindano na kazi inaonekana wazi katika mfano mmoja unaowagusa wananchi wa Tanga moja kwa moja. Jukwaa la kimataifa la DrivenData liliandaa shindano la uchambuzi wa data kuhusu vituo vya maji nchini Tanzania, kwa kutumia kumbukumbu za Wizara ya Maji zilizokusanywa kupitia jukwaa la Taarifa. Washiriki walipewa kumbukumbu za vituo 59,400 kutoka mikoa mbalimbali, Tanga ukiwamo, na kutakiwa kutabiri kipi kinafanya kazi, kipi kinafanya kazi lakini kinahitaji matengenezo, na kipi hakifanyi kazi. Shindano hilo liliwavutia maelfu ya washiriki duniani, wengi wao wakiwa hawajawahi kufika Tanzania.

Katika kumbukumbu hizo, maelfu ya vituo vimeandikwa mwaka wa ujenzi kuwa sifuri, na vingi vimeandikwa kuwa na watumiaji sifuri. Mshindani huijaza sifuri kwa makadirio na kuendelea, kwa kuwa anachotafuta ni kupandisha alama. Afisa wa Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, hawezi kuishia hapo. Hana budi kujua kama kituo hicho hakina watumiaji kweli, kama aliyejaza fomu hakuuliza, au kama kijiji kilihamia kwenye chanzo kingine. Na hata utabiri ukiwa sahihi, kinachompa mwananchi maji ni fundi aliyefika na kipuri, bajeti iliyotengwa na kamati ya maji iliyokabidhiwa jukumu la usimamizi. Mtaalamu wa TEHAMA anayethaminiwa na mwajiri ni yule anayeweza kuziunganisha pande hizo.

Hali ni hiyo hiyo katika taasisi nyingine za mkoa. Mfumo wa GoTHOMIS unaotumika katika vituo vya kutolea huduma za afya lazima umfae muuguzi wa zamu ya usiku wakati mtandao ukiwa hafifu. Tangu kutungwa kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, anayejenga mfumo wa namna hiyo anawajibika pia kujua ni taarifa zipi za mgonjwa zinaruhusiwa kukusanywa na nani anaruhusiwa kuziona. Mashindano ya saa tano hayana swali la namna hiyo.

Soko nalo lina sauti

Uwezo wa kufaulu majaribio magumu haukingi mtu dhidi ya mabadiliko ya soko. Kampuni ya Andela, iliyoanzishwa Nigeria mwaka 2014 na kupanuka hadi Kenya, Uganda na Rwanda, ilijulikana kwa kuwachuja maelfu ya waombaji na kuchagua wachache sana waliofaulu majaribio yake, kisha kuwafundisha na kuwaunganisha na kampuni za nje. Mwezi Septemba 2019 kampuni hiyo ilitangaza kuwaondoa kazini mamia ya watayarishaji programu wa ngazi ya awali nchini Nigeria, Uganda na Kenya, ikieleza kuwa wateja wake walikuwa wanahitaji zaidi watu wenye uzoefu.

Vijana wale walikuwa na vipaji, na walikuwa wamethibitisha hivyo kwa kushinda mchujo mkali. Walichopungukiwa ni miaka ya kazi, na miaka hiyo haipatikani kwa mashindano.

Namna ya kugawa muda

Kutokana na hayo, kijana anayesaka ajira anashauriwa kupanga maandalizi yake kwa kuanzia na mwajiri anayemlenga. Anayelenga kampuni kubwa za Nairobi au za ng'ambo ana sababu ya kufanya mazoezi ya mashindano kwa bidii, hasa akiwa bado chuoni, ambako ana wenzake wa kuunda nao timu. Anayelenga utumishi wa umma, benki, bandari au halmashauri atafaidika na saa chache za mazoezi kwa wiki kwa ajili ya kunoa fikra, huku muda mwingi akiuelekeza katika kujenga mfumo mmoja mdogo unaotumiwa na watu halisi, kama vile daftari la kielektroniki la kikundi cha kuweka na kukopa au orodha ya bidhaa za duka la mtaani. Mfumo uliotumika kwa miezi sita humpa mambo ya kueleza kwenye mahojiano: ulikwama lini, nani alilalamika, na alirekebisha nini.

Uzoefu wa kazi pia una njia rasmi za kuupata. Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, TaESA, huwaunganisha wahitimu na waajiri kwa ajili ya mafunzo ya uzoefu kazini. Mamlaka ya Serikali Mtandao, kupitia kituo chake cha utafiti na ubunifu kilichopo Dodoma, hupokea wanafunzi wa vyuo wanaoshiriki katika kujenga mifumo. Tume ya TEHAMA, iliyoanzishwa mwaka 2015, inaratibu usajili wa wataalamu wa fani hiyo.

Kwa wanafunzi wa sekondari na wazazi wao, mashindano yana thamani nyingine isiyotegemea ajira. Mtoto anayejifunza kukaa na tatizo moja kwa saa mbili bila kukata tamaa amepata tabia itakayomfaa katika fani yoyote. Jijini Tanga, mazingira ya kuanzia yapo, ikiwamo bustani ya kujifunzia sayansi kwa vitendo ya STEM Park.

Kwenye wasifu, cheti cha mashindano kiandikwe kwa ukweli: jina la shindano, mwaka, nafasi iliyopatikana na idadi ya wanatimu. Msaili anayefahamu mashindano hayo atauliza tatizo lililotatuliwa na nani katika timu alilitatua. Kijana aliyeshiriki kweli atalijibu swali hilo kwa urahisi, na hapo ndipo miezi yake ya mazoezi itakapomlipa.